Sabuni yangu ni nafuu Mwanza, mbona inakuwa ghali Kigali?

"Nina kiwanda kidogo cha sabuni ya kufulia hapa Mwanza. Tuko na wafanyakazi 24, mshahara wa wastani ni Sh 360,000, na tunatoa katoni 4,800 kwa mwezi, kila katoni ina miche 10 ya kilo 1. Mawese na kostiki soda (magadi makali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni) tunanunua kwa wauzaji wa jumla Dar es Salaam. Kila mwezi lori moja la katoni 1,200 linakwenda Kigali kupitia Rusumo, zilizobaki zinaishia Kanda ya Ziwa. Katoni inanigharimu Sh 25,000 mpaka getini, nauza Sh 27,000 bila kodi, usafiri ni wa mnunuzi. Yeye ananiambia kuna sabuni nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayompa nafuu ya Sh 2,000 kwa katoni. Ananilipa siku 45 baada ya kupokea mzigo, na lori husimama mpakani kama siku tatu ambazo nazilipia mimi. Umeme nao unakatika. Nimeshauriwa nipunguze wafanyakazi 8, au nihamie eneo la EPZ, lile la viwanda vya kuuza nje, au nisubiri shilingi ishuke. Nifuate lipi?"

Ndugu msomaji, kati ya hayo matatu usifuate hata moja kwa sasa. Nitakueleza sababu ya kila moja, lakini tuanze na unachokiogopa hasa. Unatengeneza kwa gharama ya ushindani, sabuni yako inakubalika, halafu faida inapotelea njiani huku huoni aliyeichukua. Ndicho kilio cha wenye viwanda wengi wa nchi zetu, na mara nyingi hupelekwa mahali pasipo pake: mwenye kiwanda anawageukia wafanyakazi, kwa kuwa mshahara ni gharama anayoiona kila mwisho wa mwezi.

Hesabu ya wafanyakazi ni fupi. Watu 8 kwa Sh 360,000 ni Sh 2,880,000 kwa mwezi. Gawanya kwa katoni 4,800, unapata Sh 600 kwa katoni. Hata ukiwaondoa wote 24 na sabuni ijitengeneze yenyewe, utaokoa Sh 1,800, na pengo la Sh 2,000 bado halijafungwa. Ukiondoa 8, upakiaji utachelewa, na kuchelewa ndiko kunakokula fedha yako.

Sasa tuhesabu siku. Lori lako la katoni 1,200 lina gharama ya Sh milioni 30 mpaka getini. Fedha hiyo haikai bure: ni mkopo wa benki, au ni yako ambayo ingefanya kazi nyingine. Nitatumia riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani 1.5 kwa mwezi; wewe weka ile iliyo kwenye mkataba wako. Kwa kiwanda cha aina yako mzunguko huwa hivi: siku 18 tangu ulipie mawese Dar mpaka yashushwe ghalani Mwanza, siku 10 za kuchemsha, kukata, kukausha na kupaki, siku 12 za kukusanya mzigo wa kujaza lori na kutafuta karatasi, siku 5 za safari pamoja na mpaka, siku 45 za kumsubiri mnunuzi. Jumla ni siku 90. Miezi mitatu kwa asilimia 1.5 ni asilimia 4.5, na asilimia 4.5 ya milioni 30 ni Sh 1,350,000. Kwa katoni ni Sh 1,125.

Ongeza lori linalosimama. Tukichukua Sh 300,000 kwa siku kama anachodai mwenye lori, siku tatu ni Sh 900,000, sawa na Sh 750 kwa katoni. Jumla ya viwili hivi ni Sh 1,875. Karibu pengo lote limeonekana, na hatujagusa mshahara wa mtu wala mashine. Mshindani wako naye ana siku zake, bila shaka, ila anazo chache au fedha yake ina riba ndogo. Wachumi Simeon Djankov, Caroline Freund na Cuong Pham walipima jambo hili kwa takwimu za nchi 98, na katika utafiti wao uliochapishwa 2010 walikuta kwamba kila siku ya ziada ambayo mzigo unasubiri kabla ya kusafirishwa hupunguza biashara ya nje kwa zaidi ya asilimia 1. Mazingira ya biashara yanapotajwa kwenye semina husikika kama jambo la sera za mbali. Kwako yana umbo la katoni 1,200 zilizosimama chini ya turubai pale Rusumo.

Kwenye sabuni, siku zina hasara nyingine ambayo wengi hawaioni. Mche uliotoka kukatwa una maji, na maji hayo yanaendelea kutoka ghalani na njiani. Mche uliopakiwa ukiwa na kilo 1 kamili unaweza kufika sokoni umepungua makumi ya gramu, na mkaguzi wa vipimo akiuweka kwenye mizani anaona upungufu. Hatauliza ulisimama mpakani siku ngapi. Pima miche 20 siku ya kupaki, iache ghalani siku 30, kisha uipime tena. Tofauti utakayoipata ndiyo nyongeza ya kukata, au ndiyo siku za ziada za kukausha kabla ya kufunga katoni. Wanaokwepa hatua hii hulipia upungufu wakati mzigo umekataliwa Kigali.

Ushauri wa EPZ ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu unasikika vizuri. Maeneo hayo, ambayo tangu 2025 yako chini ya TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, yana nafuu za kweli za kodi na ushuru. Lakini yaliundwa kwa mtu anayeuza nje angalau asilimia 80 ya anachozalisha. Wewe unapeleka katoni 1,200 kati ya 4,800, yaani asilimia 25. Na hata ungefika 80, kuna kikwazo kikubwa zaidi: kwa Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi 2005, bidhaa iliyonufaika na mpango wa kukuza mauzo ya nje ikiuzwa ndani ya Jumuiya inatozwa ushuru kamili kana kwamba imetoka nje, na kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa humo kina ukomo. Rwanda imo ndani ya Jumuiya. Leo sabuni yako inaingia Kigali bila ushuru wa forodha. Ungehamia EPZ, ingekutana na ushuru wa pamoja ambao Jumuiya hutoza bidhaa za nje, nao kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25 au 35. Ungetoka kwenye pengo la Sh 2,000 ukaingia kwenye pengo la maelfu.

Jambo hili si la kwenye vitabu tu. Pipi na chokoleti za Kenya ziliwahi kutozwa ushuru Tanzania na Uganda kwa hoja hiyohiyo, kwamba zilitengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoingia kwa nafuu ya ushuru. Kwa hiyo na wewe, kabla ya kukubali msamaha wowote wa ushuru kwenye mawese, uliza kwanza utafanya nini kwa sabuni inayovuka mpaka. Utaratibu wa kurudishiwa ushuru wa malighafi nao unalenga mauzo ya nje ya Jumuiya, tena unadaiwa kwa kuonyesha nyaraka za kuingiza mzigo. Nyaraka zako zina jina la muuzaji wa Dar.

Kuhusu shilingi: theluthi mbili ya gharama yako, kama Sh milioni 20 katika kila lori, ni malighafi ambayo bei yake inafuata dola hata unapoinunua kwa shilingi Dar. Shilingi ikishuka asilimia 10, na ankara yako ya Kigali ikiwa ya dola, mapato ya lori hilo yatapanda asilimia 10, lakini gharama itapanda kama 6.7 kabla ya dizeli. Utabaki na kitu kidogo kwenye lori moja. Kwenye katoni 3,600 unazouza nyumbani, ambako bei haipandi kwa kasi hiyo, utaumia. Kushuka kwa sarafu humsaidia anayelima na kusindika cha hapahapa. Mnunuzi wa mawese ya nje huachwa karibu alipokuwa.

Hukuuliza kuhusu VAT, ila najua utaambiwa kwamba marejesho ya VAT ndiyo yanayoua wauzaji nje. Kuna ukweli, kwa sababu mauzo ya nje yanatozwa asilimia sifuri huku malighafi umelipia 18, na fedha hiyo hukaa serikalini mpaka madai yahakikiwe. Kwako bado haijawa tatizo. VAT ya malighafi za mwezi mzima ni kama Sh milioni 14.4, VAT unayokusanya kwenye katoni 3,600 za ndani ni kama milioni 17.5, kwa hiyo ya kwanza inamezwa na ya pili bila kusubiri marejesho. Hali itageuka siku mauzo ya Kigali yatakapovuka asilimia 38 hivi ya uzalishaji. Hapo utaanza kuidai Serikali kila mwezi. Basi anza leo kutunza faili la kila lori: ankara, tamko la forodha lenye uthibitisho kwamba mzigo umetoka nchini, hati ya usafirishaji, na taarifa ya benki ya malipo kutoka Rwanda. Madai hukwama kwa karatasi moja iliyokosekana miezi minane iliyopita.

Umeme unastahili maneno machache, maana watu hukosea kuupimia kwenye dizeli. Jenereta ya kawaida hutoa yuniti 3 hivi kwa lita. Dizeli ikiwa Sh 2,800, yuniti moja ni kama Sh 930 kwa mafuta peke yake, dhidi ya Sh 350 hivi ya gridi. Ukitumia yuniti 1,000 za jenereta kwa mwezi, nyongeza ni Sh 580,000, sawa na Sh 120 kwa katoni, na tayari imo kwenye 25,000 yako. Hasara kubwa iko kwenye mashine ya kusukuma miche. Umeme ukikatika sabuni inaganda ndani ya bomba lake; mafundi wanafungua kichwa, wanachokoa, sabuni inarudi kuyeyushwa, na dakika 10 za giza zinakula saa mbili za kazi. Jenereta ndogo inayoihudumia mashine hiyo na pampu zake tu, yenye swichi ya kujiwasha, inatosha kuliko kubwa ya kiwanda kizima. Na weka kifaa cha kukata mota pale fezi moja inapopotea. Mota inayoendelea kuzunguka kwa fezi mbili huungua, na kuisuka upya ni siku nyingine zaidi.

Turudi mpakani, ambako Sh 750 zako zinapotea. Rusumo ni kituo cha pamoja cha mpaka tangu 2016: lori linakaguliwa upande mmoja tu, ule linakoingia. Na chini ya Himaya Moja ya Forodha, inayotekelezwa tangu 2014, tamko la kuingiza mzigo linatakiwa lifunguliwe Kigali na kodi za huko zilipwe kabla mzigo haujaondoka kwako. Sasa angalia kinachotokea mara nyingi. Kiwanda kinapakia, lori linaondoka, halafu mnunuzi ndiyo kwanza anatafuta fedha ya kulipia VAT ya Rwanda, nayo ni asilimia 18. Lori linafika, mfumo hauna kibali cha kutoa mzigo, dereva anasubiri. Mnunuzi anakwambia "mpaka ni mgumu". Mpaka hapo hauna kosa.

Geuza mpangilio. Toa ankara na orodha ya upakiaji. Peleka maombi ya cheti cha uasilia, kinachothibitisha kwamba sabuni ni ya Jumuiya, kwa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Tuma nakala zote kwa wakala wa forodha wa Kigali pamoja na leseni ya alama ya ubora ya TBS, shirika letu la viwango, ambayo nchi wanachama zinapaswa kuitambua kwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya 2006. Wakala afungue tamko, mnunuzi alipe, wewe upokee namba ya kibali. Ndipo upakie. Hakikisha jina la bidhaa, idadi ya katoni na uzito jumla vinafanana neno kwa neno na namba kwa namba kwenye kila karatasi; sabuni iko kwenye kifungu 3401 cha forodha, na karatasi moja ikiandikwa jina tofauti, hoja inazaliwa. Bima ya kuvuka mpaka, ile kadi ya njano, ikaguliwe tarehe zake kabla ya safari. Usikubali kugawa mzigo vipandevipande ili utumie cheti rahisi cha mzigo usiozidi dola 2,000. Cheti hicho kimewekwa kwa wafanyabiashara wadogo, na maofisa wanajua kuhesabu.

Kwenye uasilia una kazi moja ya kufanya mapema. Mawese ya nje hayahesabiki kuwa ya Afrika Mashariki, kwa hiyo sabuni yako inastahili kwa kiwango cha usindikaji na thamani kinachodaiwa na kanuni za uasilia za 2015. Tengeneza jedwali la gharama ya katoni moja: mawese ya nje kiasi gani, mawese ya Kigoma kiasi gani, kostiki, chumvi, katoni, kuni au pumba za kuwashia boila, mishahara. Ambatanisha ankara za wauzaji. Kila lita ya Kigoma unayochanganya inakuongezea nguvu kwenye jedwali hilo, mradi kiwango cha mafuta katika sabuni kisishuke.

Kwa siku 45 za mnunuzi, jadiliana ukiwa na namba. Kumvuta kutoka siku 45 hadi 20 ni siku 25, zenye thamani ya asilimia 1.25 kwako. Ukimpa punguzo la asilimia hiyo yote hujapata kitu zaidi ya kupunguza hatari. Mpe nusu asilimia, kama Sh 135 kwa katoni. Akigoma, omba sehemu ya malipo ilipwe kibali kinapotoka. Ukipunguza pia siku 5 za kusubiri mawese na siku 5 za kukusanya mzigo, mzunguko unashuka kutoka 90 hadi 55, na unaokoa kama Sh 437. Lori likisimama siku moja badala ya tatu, unaokoa Sh 500. Toa Sh 135 za punguzo, zinabaki kama Sh 800.

Lazima niseme wazi: Sh 800 si 2,000. Sehemu inayobaki iko nje ya mikono yako, katika riba za benki zetu, mizani za barabarani, na bei ya mawese Dar. Una njia mbili za kuikabili. Moja ni kujaza lori kubwa la katoni 2,400 kila baada ya miezi miwili ili gharama za karatasi zigawanyike, lakini hapo unarudisha siku za kukusanya mzigo. Kwa riba yako sikushauri. Nyingine, ninayoiona bora, ni kuacha kushindana kwa bei kwenye daraja lilelile. Pima kiwango cha mafuta na alkali huru (kostiki iliyobaki bila kugeuka sabuni) kwenye maabara, uandike kwenye katoni, na umwonyeshe mnunuzi kwamba mche wako unadumu ndooni kuliko wa mwenzako. Kama baada ya malori matatu bado hakubali kulipa hata Sh 1,200 ya tofauti, Ngara na Biharamulo ziko njiani, hazina tamko la forodha, na zinalipa mapema.

Usifunge bei ya mkataba unaovuka tarehe 1 Julai bila kipengele cha kuirekebisha. Viwango vya ushuru wa pamoja hubadilishwa kwa bajeti za Juni, na mawese ni miongoni mwa bidhaa zinazoguswa. Vilevile andika kwenye ukuta wa ofisi tarehe za mwisho za vibali vyako: TBS, Wakala wa Vipimo, OSHA (usalama kazini), NEMC (mazingira), Zimamoto, leseni ya halmashauri, na usajili wa kemikali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa ajili ya kostiki. Kibali kimoja kilichoisha kinaweza kuzuia lori lililokamilika kwa kila kitu kingine.

Kuna mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa kusoma. Kanuni ya uasilia ya sabuni yako, nenda nayo ofisi ya TCCIA Mwanza ukiwa na lile jedwali la gharama, wakuangalizie kabla ya lori lijalo. Kabla mauzo ya nje hayajafika theluthi ya uzalishaji, kaa na mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Ukipata uamuzi wa TRA usiokubaliana nao, mwone ndani ya wiki ya kwanza, maana pingamizi lina siku 30 tangu upokee uamuzi. Mota ikiungua zaidi ya mara moja kwa mwaka, mwite fundi umeme mwenye leseni apime mzigo wa kila fezi. Na lori likizuiwa kwa sababu ambayo haimo kwenye sheria yoyote uliyoonyeshwa, usiishie kulalamika kwa dereva. Andika tarehe, saa, ofisi na namba ya tamko, kisha ripoti kwenye mfumo wa tradebarriers.org na kwa dawati la vikwazo visivyo vya kiforodha la Wizara ya Viwanda na Biashara. Jumuiya ina sheria ya kuondoa vikwazo hivyo tangu 2017, na shauri lenye namba ya tamko ndilo linalofuatiliwa.